Komunike Iliyosema Kweli

Wenzangu mnaobaki kwenye meza zetu za kuandikia watu barua pale kando ya mto Mulongwe, kabla sijaondoka mliniomba niwaachie kitu cha maandishi. Mmoja wenu alisema, "Mwalimu, utuachie modeli." Mlitaka kujua rekete ya kuomba jambo kwa chefu inaanza vipi, barua ya posa inamalizika vipi, na mwaliko wa ndoa uwe na mistari mingapi. Modeli mnazo tayari ndani ya mashine zenu. Mnabonyeza, na jina la marehemu wa jana linaondoka, la leo linaingia. Mimi nilistaafu Ramadhani iliyopita, macho yangu yakiwa yameacha kazi kabla yangu, kwa hiyo nitawaandikia yale ambayo mashine haiwezi kubadilisha. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenipa mkono usiotetemeka miaka yote ile, na namwomba anisamehe siku niliyoutumia bila kufikiri. Siku hiyo nitaifikia.

Kabla ya kuingia biro, ofisi yetu hii, nilikuwa mtu wa chuo. Mwalimu wangu wa Kurani alinifundisha kuandika kwa kalamu ya tete juu ya ubao. Ukishahifadhi aya, unaosha ubao na kuanza upya. Nilitoka pale nikiwa na mwandiko ambao watu walikuja kuutazama, na kichwani nikiwa na wazo moja tu juu ya kazi ya kuandika: kwamba anayeandika vizuri ameandika vizuri, basi. Nilikuwa na mke na mtoto mmoja wakati Baba Zakaria aliponipokea.

Baba Zakaria alikuwa katekista, mzaliwa wa familia ya wavuvi wa hapa ufukweni, mtu mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Biro yake ilikuwa meza mbili chini ya bati, karibu na mto. Mvua kubwa ikianza kunyesha milimani, kazi ya kwanza ilikuwa kupandisha karatasi juu ya kabati, ya pili kupandisha mashine ya kuchapa, na ya tatu kujipandisha sisi wenyewe. Mashine ile ilikuwa na ugonjwa mmoja: herufi *m* haikugonga. Sasa fikirini kuandika Kiswahili bila *m*. Tulikuwa tunaacha nafasi, kisha tunazijaza zote kwa kalamu ya buluu. Mjini walizitambua karatasi zetu kwa mbali. Chefu mmoja wa kartie, mkuu wa mtaa, aliwahi kukataa rekete iliyotoka kwetu eti ni ya bandia, kwa sababu haikuwa na buluu. Tulikuwa tumeazima mashine ya jirani.

Siku ya kwanza alikuja mvuvi aliyeibiwa wavu. Baba Zakaria akaniambia, "Rajabu, andika." Niliandika kurasa mbili. Nilieleza ziwa, alfajiri, jasho la mvuvi, na ubaya wa wizi kwa ushahidi wa Maandiko. Baba Zakaria alisoma yote bila kuruka mstari, akavua miwani.

"Hii ni nini?"

"Ni barua, Baba."

"Ya nani?"

"Ya huyu mwenye wavu."

"Iko inaenda kwa nani?"

Nikafikiri. "Kwa yeyote atakayeisoma."

"Hakuna muntu anaitwa Yeyote hapa Uvira," akasema. "Kaa. Utaandika ile wavu mara ine."

Niliandika wavu ule siku nzima. Kwanza kama rekete kwa chefu, kisha kama barua kwa kaka yake mvuvi aliyekuwa mji wa Baraka, kisha kama raporo ya tukio kwa chama cha wavuvi, na mwisho kama komunike, tangazo la kusomwa redioni. Wavu ulikuwa mmoja na mwizi alikuwa mmoja. Lakini katika rekete nilipaswa kuomba jambo moja linalowezekana. Katika barua nilipaswa kukumbuka kwamba kaka yake ana moyo na pia ana madeni. Katika raporo sikuruhusiwa kukasirika, kwa kuwa hasira haina saa wala mahali. Na katika komunike nilipewa pumzi tatu tu, kwa sababu anayesikiliza redio anapepeta mchele, hajakaa kukusubiri wewe.

Msifikiri nilielewa siku ile. Wiki chache baadaye mama mmoja mjane, ambaye mto ulikuwa umeichukua nyumba yake, alikuja kuomba kiwanja. Nikamwandikia rekete ya machozi tangu mstari wa kwanza hadi wa mwisho. Baba Zakaria akaniuliza, "Huyu mama alilia akikuelezea?" Nikasema hapana, alieleza kwa utulivu. "Kumbe ni weye uliyelia. Ukimaliza machozi yote mu karatasi, chefu atalia na nini?" Tuliandika upya mistari saba: nyumba ilikuwa wapi, iliondoka siku gani, watoto wangapi, wanalala wapi. Chefu alipoisoma alimuuliza mama yule jina la mtoto mdogo. Kiwanja alipata.

Mwingine alikuwa fundi baiskeli aliyempenda msichana wa kuuza dagaa. Baba Zakaria alikuwa kwenye mafundisho ya wabatizwa, nami nilikuwa nimetoka kuandika rekete tano mfululizo. Nikaanza barua ya mapenzi hivi: "Nina heshima ya kuja mbele ya utu wako mtukufu, kwa unyenyekevu mkubwa, kuomba nafasi katika moyo wako." Siku ya tatu fundi alirudi na barua yetu. Chini yake msichana alikuwa ameandika kwa kalamu: "Imesomwa. Nafasi hakuna. Ombi lirudishwe mwaka ujao na picha mbili." Baba Zakaria alicheka mpaka uzi wa miwani ukakatika. Walioana lakini, alhamdulillahi, maana msichana mwenye jibu kama lile fundi hakumwacha.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa kuaibika polepole. Leo nikipita pale na kuona mashine yenu inayotoa karatasi safi, kila *m* mahali pake, nafurahi kwa ajili yenu, na bado natamani sana kukaa mara moja tena upande wa pili wa meza ile na kuulizwa, "Iko inaenda kwa nani?" Hakuna aliyeniuliza swali hilo tangu tulipomzika Baba Zakaria.

Sasa nieleze habari ya Mama Zaituni.

Mama Zaituni alikuwa mjane wa watu wetu, wale ambao mababu zao walifika hapa na biashara ya ziwa na hawakurudi. Aliishi nyuma ya msikiti, akiuza vitumbua. Mwanawe mmoja, Hamisi, aliacha duka la baba yake na kupanda Mulenge, juu milimani, kununua ng'ombe na siagi kwa wafugaji. Siku anaondoka waligombana mlangoni, mtaa mzima ukisikia. Mama alimwambia, "Ukivuka ule muto, usiniite tena mama." Akauvuka. Kwa miaka mingi alikuwa akimtumia mama yake siagi kupitia wafugaji wanaoshuka sokoni, naye mama alikuwa akiipokea na kuuliza, "Yeye ni muzima?" Zaidi ya hapo, kimya. Simu hazikuwepo wakati ule.

Jumatatu moja jirani yake alikuja biro mbio. Mama Zaituni alikuwa ameshikwa na homa ya siku kumi, hawezi kusimama, na alikuwa anamtaka Hamisi. Alitaka komunike isomwe adhuhuri ile. Baba Zakaria hakuwepo. Nilikaa, nikaandika kwa dakika mbili, kwa sababu komunike nilikuwa naziandika kama mtu anavyofunga vifungo vya shati:

"Bwana Hamisi aliye Mulenge anaombwa kufika Uvira haraka sana bila kukosa. Mama yake ni mgonjwa sana."

Jirani aliipeleka redioni. Nami nikaenda kuswali nikiwa na amani.

Ninyi mmezaliwa na simu, labda hamjui. Hapa kwetu hakuna aliyetangaza kifo redioni kwa mtoto wa marehemu. Mtu yuko njiani, au yuko juu ya mlima peke yake. Utamwangushaje kwa neno lile? Kwa hiyo tuliandika "mgonjwa sana, afike haraka bila kukosa," naye aliyesikia alijua. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeandika maneno hayo kwa wafu zaidi ya hesabu yangu. Siku ile yalikuwa kweli, neno kwa neno, na ndiyo siku pekee yalipodanganya.

Nililijua kosa langu baada ya alasiri. Nilisikia vilio kutoka upande wa msikiti, nikauliza ni nani, nikaambiwa, "Si ni Mama Zaituni? Haukusikiliza redio? Na komunike ni yenu."

Nilifika nikiwa na viatu mkononi. Uani walikuwa wamekwisha tandika mikeka. Wanawake walikuwa wamefunga vitenge viunoni, wengine wamekuja na kuni, na mzee mmoja alikuwa anauliza nani anachimba kaburi. Ndani, Mama Zaituni alikuwa amekaa kitandani, kilemba kimeenda upande, anapiga ukuta kwa mkono.

"Minye niko nasikia!" alikuwa anasema. "Muko munamulilia nani? Weye Mwajuma, nilikusikia. Unasema nilikuwa muntu mwema. Jana ulisema vitumbua vyangu ni vidogo!"

Mwajuma, mwenye kuni, alibaki mlangoni na mdomo wazi. "Mama, tulisikia ku redio."

"Redio iliniona wapi?"

Watu walianza kucheka, wengine wakiwa bado na machozi. Mama Zaituni naye akacheka, akakohoa. Akanitazama mimi.

"Mwalimu. Na Hamisi naye amesikia vile?"

Sisi Waislamu hatulazi maiti. Anayekufa asubuhi amezikwa jioni. Mtoto aliyeko Mulenge, akisikia komunike ile adhuhuri, alikwisha jua kwamba hata akikimbia hatakuta uso wa mama yake. Hakuna tena cha kukimbilia.

"Namujua Hamisi," akasema mama yake. "Atatafuta kwanza ng'ombe ya hitima. Hatashuka mikono mitupu. Na ng'ombe inatembea kama ng'ombe."

Baba Zakaria alinifuata pale. Nikamwambia nitaandika komunike nyingine, kwamba Mama Zaituni ni mzima. Akatikisa kichwa. "Ukitangaza kwamba muntu iko muzima, bantu watauliza alikufa lini. Hamisi atasema munamufariji. Andika barua. Yeye aseme, weye uandike. Na ile mapambo yako, uache inje na viatu."

Nilikaa kando ya kitanda. Mkono wangu ukaanza wenyewe: "Mwanangu mpenzi, baada ya salamu nyingi kama mchanga wa ziwa..." Nikamsomea.

"Huyo ni nani?" Mama Zaituni akauliza.

"Ni wewe, Mama."

"Minye sisemake vile. Hata muntu alikufa anaweza kuandikiwa vile. Futa."

Nikafuta. Akasema, nami nikaandika kama alivyosema, na ilikuwa barua yangu ya kwanza isiyo na uongo wowote wa adabu:

"Weye Hamisi. Ni minye. Sijakufa. Ile sufuria ulitoboa na musumari ukisema unatengeneza ngoma, iko hapa, napika nayo mupaka leo na maji inavuja. Kama minye nilikufa, nani anajua ile mambo? Acha ng'ombe. Kuja na miguu yako."

Akapumzika, akanywa uji kidogo. Kisha akasema polepole, si kama mtu anayeandikisha bali kama anayetua kinyongo, "Minye sina kitu naye."

"Niandike hilo, Mama?"

"Hapana. Hiyo haipite mu karatasi. Atafika, nitamuwekea mukono ku kichwa, nitamwambia mwenyewe."

Sikuandika. Nilikunja barua. Kulipopambazuka Jumanne mfugaji mmoja wa Mulenge, aliyekuwa ameshusha ng'ombe sokoni, aliibeba ndani ya kofia yake.

Siku tatu zile nilikuwa napita nyuma ya msikiti kila baada ya swala. Mama Zaituni aliniuliza kila mara kama barua imefika, nami nilijibu kwamba iko njiani. Alikuwa amemwomba Mwajuma amsuke nywele. Alhamisi asubuhi, akiwa bado anauliza, Mungu alimchukua. Tulimzika kabla ya alasiri. Safari hii hakuna aliyeandika komunike.

Alhamisi hiyohiyo mfugaji alikutana na Hamisi chini bondeni, kijijini Lubarika, akivuta fahali mwekundu mmoja kwa kamba. Alikuwa njiani tangu Jumanne. Alisoma barua akiwa amesimama, akacheka kwa sauti mpaka watu wa mashamba ya mpunga wakainua vichwa. Kisha akamwachia mfugaji kamba, akaanza kukimbia. Mfugaji alinieleza haya mwenyewe baadaye, na alisema hajawahi kuona mtu anayekimbia huku anacheka namna ile. Hamisi alifika Ijumaa asubuhi. Alikuta mikeka ileile uani.

Alikuja biro baada ya siku za matanga, akaweka barua juu ya meza yangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, na niliyastahili. Nikamwambia kosa lilikuwa langu, nikamweleza lote. Alisikiliza akiangalia mashine.

"Mwalimu," akasema, "mambo ya komunike, Mungu ndiye anajua. Nauliza kitu kimoja. Ile neno alinitupia ku mulango, ya kwamba nisimwite mama. Aliiondoa?"

Nikamwambia ukweli: alitaka kuiondoa kwa mkono wake, hakutaka ipite kwenye karatasi. Lakini mbele yangu alisema, "Minye sina kitu naye."

Uso wake ulibadilika. "Uniandikie," akasema. "Uandike ya kwamba alinipa radhi. Radhi yote ya mama. Na muhuri."

Baba Zakaria aliacha kuchapa kwenye meza yake, lakini hakugeuka.

Ndugu zangu, hapo ndipo kazi hii ilinipima. Neno radhi lilikuwa zuri, lilikuwa la dini, na mtu mbele yangu alikuwa ametembea siku tatu na kukimbia moja akilitafuta. Nani angenilaumu? Lakini aliyeniomba ushahidi hakuniomba barua. Katika barua unaweza kuongeza upendo. Katika ushahidi una masikio tu. Na nilikuwa nimekwisha mkosesha mtu huyu mama yake mara moja kwa kuandika kwa mazoea.

"Radhi sikuisikia, Hamisi. Nilisikia 'Sina kitu naye.'"

"Si ni kitu kimoja?"

"Labda. Lakini ni yeye aliyechagua neno. Nitaandika lile alilochagua."

"Weye unanifanyia kiburi cha shule, Mwalimu! Mama yangu amekwenda, na weye unapima maneno!"

Nilichukua kalamu ya buluu, kwa sababu karatasi hii sikutaka ipite kwenye mashine, nikaandika: "Mimi Rajabu, niliyetia saini hapa chini, nashuhudia mbele ya Mungu kwamba Jumatatu baada ya alasiri, nyumbani kwake, Mama Zaituni, akiwa na akili zake timamu, alisema juu ya mwanawe Hamisi: 'Minye sina kitu naye.' Nilimuuliza kama niandike. Alikataa, akasema atamwambia mwenyewe, na mkono kichwani." Nikatia saini. Baba Zakaria akaja, akatia yake kama shahidi wa saini yangu, akarudi kwenye meza yake.

Hamisi alisoma. Alisoma tena, safari hii midomo ikitembea. Nikaona mabega yake yanashuka.

"Ni yeye," akasema. "Nilikuwa mutoto, nikivunja kitu, alikuwa ananifukuza mu mtaa na mwiko. Kiisha, jioni, alikuwa anapita karibu yangu bila kuniangalia, anasema vile. 'Minye sina kitu naye.' Anaambia ukuta." Akapangusa uso kwa kiganja. "Kama ungeandika radhi, ningesema ni Mwalimu iko anasema."

Akaikunja karatasi, kisha akaikunjua tena na kuirudisha juu ya meza.

"Alikuwa amelala ao amekaa, wakati alisema?"

"Alikuwa amekaa. Alikuwa anakunywa uji."

"Uji wa nini?"

"Wa mtama. Alisema hauna sukari."

Akanisogezea kalamu. "Basi andika na uji."

Nikaandika na uji.